Afya ya Mwanafunzi na Daftari la Mahudhurio: Je, Huduma ya Afya Shuleni Huongeza Siku za Masomo?

Utangulizi

Kila asubuhi, katika shule zetu zote, mwalimu wa darasa hufungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Aliyepo huwekewa alama, na asiyekuwapo huwekewa alama nyingine. Daftari likijaa hutiwa kabatini, na mara nyingi kazi yake huishia hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba daftari hilo ni chombo cha sayansi kama kilivyo kipimajoto au mizani. Tukilisoma vizuri laweza kutusaidia kujibu swali ambalo wazazi, walimu na viongozi wa elimu hulijadili mara kwa mara: je, shule ikiwa na chumba cha afya, muuguzi anayeitembelea, au utaratibu wa kuwapima na kuwatibu wanafunzi, siku za masomo zinazopotea hupungua kweli?

Watu wengi hujibu "ndiyo" bila kusita. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Utafiti uliofanywa Afrika Mashariki na kwingineko waonyesha kwamba huduma fulani huongeza mahudhurio, nyingine huponya bila kubadili mahudhurio, na nyingine hazifanyi lolote kati ya hayo. Kwa kuwa fedha za shule na za wilaya ni chache, kujua tofauti hizo ni jambo la lazima.

Siku ya masomo hupoteaje?

Tuanze na mahali tunapopafahamu. Munisagara ni kituo cha Reli ya Kati kilicho magharibi ya Kilosa, katika bonde la mto Mkondoa. Hospitali ya wilaya iko Kilosa mjini. Kusini, kwenye barabara kuu iendayo Iringa, iko Hospitali ya Mtakatifu Kizito ya Mikumi. Kwa mkazi wa mjini, kwenda hospitali ni jambo la saa moja au mbili. Kwa mtoto anayekaa bondeni, ambaye mzazi wake hana budi kutafuta nauli na kuacha palizi, ni jambo la siku nzima. Wakati wa masika njia huharibika na safari huwa ndefu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wa Kilosa wakalazimika kuishi katika mahema. Katika hali kama hiyo hata safari iliyokuwa rahisi huwa haiwezekani.

Hebu tufanye hesabu kwa shule ya kubuni yenye wanafunzi 360. Tuchukulie kwamba kila mwanafunzi hupatwa na maradhi madogo mara mbili kwa mwaka: kidonda kinachohitaji kusafishwa, macho mekundu, upele, homa inayohitaji kupimwa. Hayo ni matukio 720. Tiba yenyewe huchukua nusu saa. Ikipatikana shuleni, mwanafunzi hukosa kipindi kimoja. Isipopatikana, hukosa siku nzima kwa sababu ya mwendo na foleni. Kwa hiyo shule hiyo hupoteza siku 720 kwa mwaka. Mwaka wa masomo nchini Tanzania una siku 194. Tukigawa 720 kwa 194 tunapata 3.7. Maana yake ni kwamba hasara hiyo ni sawa na kuwa na wanafunzi karibu wanne walioandikishwa lakini hawakuingia darasani hata siku moja mwaka mzima.

Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini zinatufundisha jambo muhimu. Kinachomwondoa mtoto darasani aghalabu si ukali wa ugonjwa bali ni umbali wa tiba. Hii ndiyo njia ya kwanza ambayo kwayo huduma ya afya shuleni inaweza kuongeza mahudhurio: inafupisha safari.

Ugonjwa usiomlaza mtoto

Njia ya pili haionekani kwa urahisi. Yako maradhi ambayo hayamlazi mtoto kitandani, wala hayamfanyi alie, lakini humnyonya nguvu siku baada ya siku. Mfano mzuri ni minyoo ya safura. Viluwiluwi vyake hukaa katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Mtoto anapotembea pekupeku, viluwiluwi hupenya ngozi ya mguu, huingia katika damu, hupita mapafuni, hupanda hadi kooni, humezwa, na kufika katika utumbo mwembamba. Hapo hukua na kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo, vikanyonya damu.

Mnyoo mmoja wa aina iitwayo Necator americanus humpotezea mtu takriban mililita 0.03 za damu kwa siku, kiasi kisichofika hata tone moja kamili. Lakini mtoto mwenye minyoo 100 hupoteza mililita 3 kila siku, yaani mililita 90 kwa mwezi. Kila mililita ya damu ya mtoto mwenye afya ina takriban miligramu 0.4 za madini ya chuma. Kwa hiyo damu inayopotea kwa siku hubeba miligramu 1.2 za chuma. Sehemu ya chuma hicho hufyonzwa tena utumboni, lakini kinachobaki kupotea si haba, kwa kuwa mtoto wa umri wa shule anahitaji kufyonza takriban miligramu moja tu kwa siku ili akue vizuri. Chakula chetu cha kila siku cha ugali, maharage na mboga kina chuma, lakini ni sehemu ndogo tu ya chuma cha mimea ambayo mwili huweza kuifyonza. Mizani ikielemea upande wa hasara kwa miezi mingi, damu hupungua. Mtoto huchoka upesi, husinzia darasani, na mwalimu asiyejua humwita mvivu.

Msichana aliyevunja ungo yuko katika hatari zaidi, kwa kuwa hupoteza damu pia kila mwezi. Vimelea vya malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Kichocho, ambacho huenezwa na konokono wa maji baridi katika mifereji, mabwawa na mashamba ya mpunga, husababisha damu kutoka katika mkojo au choo. Mara nyingi mtoto mmoja huwa na maradhi mawili au matatu kati ya hayo kwa pamoja. Daftari la mahudhurio litamwonyesha kuwa yupo. Hapa pana onyo la kwanza kwa msomaji: kuhudhuria ni jambo moja, kujifunza ni jambo jingine.

Mwanzo wa muuguzi wa shule

Wazo la kupeleka tiba shuleni si geni duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20, jiji la New York nchini Marekani lilikuwa na madaktari waliokagua watoto shuleni na kuwarudisha nyumbani wote walioonekana kuwa na magonjwa ya kuambukiza: ugonjwa wa macho uitwao trakoma, mapunye, upele, chawa. Daktari aliandika karatasi, mtoto akaipeleka nyumbani, na habari ikaishia hapo. Wazazi wengi walikuwa maskini na wageni wasiojua lugha. Hawakuweza kuisoma karatasi wala kulipia tiba. Mtoto alikaa nyumbani wiki kadhaa, au akacheza barabarani na wenzake wale wale aliotengwa nao.

Mwezi Oktoba 1902 muuguzi aitwaye Lina Rogers aliwekwa kwa majaribio katika shule nne za jiji hilo zilizokuwa na watoto wapatao 10,000. Hakuwa na vifaa vingi. Alisafisha macho, alipaka dawa ya mapunye, alifunga vidonda, kisha alasiri alikwenda majumbani kuwaonyesha akina mama jinsi ya kuendeleza tiba. Jaribio lilifanikiwa na wauguzi wengine wakaajiriwa. Mwezi Septemba 1902, kabla ya kazi hiyo kuanza, wanafunzi waliorudishwa nyumbani jijini walikuwa 10,567. Mwezi Septemba 1903 walikuwa 1,101. Upungufu huo ni karibu tisa katika kumi.

Tuangalie sababu yake. Muuguzi hakuangamiza trakoma wala mapunye kwa mwaka mmoja. Alichobadili ni utaratibu: mtoto mwenye maradhi madogo alitibiwa na kurudi darasani badala ya kufukuzwa. Huduma ilifaulu kwa sababu ililenga kile hasa kilichokuwa kikiwatoa watoto shuleni.

Miaka mingi baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani walianza kujenga zahanati kamili ndani ya shule, hasa katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo. Leo wana zaidi ya 3,000. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa afya ya jamii wa nchi hiyo lilipitia tafiti nyingi kuhusu zahanati hizo na kupendekeza ziendelezwe, likisema kwamba zinasaidia afya na pia masomo ya wanafunzi. Hata hivyo, shule ya Chicago si shule ya Munisagara. Maradhi ni tofauti, umbali ni tofauti, na mifuko ni tofauti. Hatuna budi kuuliza ushahidi wa kwetu unasema nini.

Tutajuaje kwamba huduma imefaa?

Tuseme shule yetu ya kubuni imefungua chumba cha afya mwezi Aprili. Mwezi Machi mahudhurio yalikuwa asilimia 87. Mwezi Septemba ni asilimia 93. Mwalimu mkuu anafurahi na kuandika katika taarifa yake kwamba chumba cha afya kimeongeza mahudhurio kwa asilimia sita. Je, ana haki ya kusema hivyo?

Hana, bado. Machi ni mwanzo wa masika: mbu huongezeka, mito hujaa, mashamba hudai mikono. Septemba ni kiangazi: njia ni kavu na mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Pengine mahudhurio yangepanda hata bila chumba cha afya. Akilinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka ujao atakuwa amepiga hatua, lakini si ya kutosha, kwa sababu mwaka mmoja una mvua nyingi na mwingine una ukame, mwaka mmoja una chakula na mwingine una njaa.

Njia iliyo bora ni kuwa na shule za kulinganisha. Lakini hapa pia pana mtego. Tukichukua shule zilizojenga zenyewe chumba cha afya na kuzilinganisha na zile ambazo hazikujenga, huenda tofauti tutakayoiona inatokana na bidii ya wazazi au uhodari wa mwalimu mkuu, wala si chumba. Ili kuuepuka mtego huo, watafiti hupiga kura. Shule zote zinaandikwa, kisha bahati nasibu ndiyo inayoamua ni zipi zitakazoanza kupata huduma na ni zipi zitakazosubiri. Kwa kuwa kura haijui shule ipi ni tajiri na ipi ni maskini, makundi hayo yatafanana kwa wastani, mradi shule ziwe nyingi. Tofauti itakayotokea baadaye twaweza kuihusisha na huduma.

Jaribio mashuhuri la namna hii lilifanyika jirani yetu, katika wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 1998. Shule za msingi 75, zenye wanafunzi wapatao 30,000, ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa za minyoo mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu mwaka 2001. Kwa hiyo hakuna shule iliyonyimwa. Zilipishana tu katika kuanza. Watafiti wakuu, Edward Miguel na Michael Kremer, hawakutegemea daftari la shule, kwa sababu daftari huweza kujazwa kwa mazoea. Watumishi wa mradi walifika shuleni bila taarifa na kuhesabu watoto waliokuwapo.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba utoro katika shule zilizopewa dawa ulipungua kwa takriban robo. Jambo la kushangaza ni kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa katika shule hizo walinufaika. Sababu yake ni ya kibiolojia: mayai ya minyoo hutoka kwa wagonjwa, na wagonjwa wakipungua, udongo wa kiwanja cha shule huwa na mayai machache. Lakini matokeo ya mitihani hayakuonyesha mabadiliko. Watoto walikuja shuleni zaidi, ila alama zao hazikupanda.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizichambua upya takwimu hizo, wakakuta makosa ya hesabu, hasa katika sehemu iliyohusu manufaa kwa shule za mbali, na wakahoji uimara wa baadhi ya matokeo. Mwaka huo huo uchambuzi mpana uliojumuisha majaribio ya nchi nyingi ulisema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa kugawa dawa za minyoo kwa watoto wote, bila kupima, huongeza mahudhurio kwa jumla. Watetezi wa utafiti wa Busia walijibu kwamba katika nchi nyingine nyingi minyoo ilikuwa michache, na kwamba mtu hawezi kutarajia dawa imsaidie mtoto asiyekuwa mgonjwa. Mwaka 2021 walichapisha ufuatiliaji wa miaka 20: watoto waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa, wakiwa watu wazima, na matumizi ya fedha yaliyozidi kwa asilimia 14. Mjadala ungalipo. Mwanafunzi asifadhaike kuona wataalamu wanabishana. Sayansi husonga mbele kwa kukaguana hesabu, na anayekataa hesabu zake zikaguliwe amekwisha kutoka katika sayansi.

Huduma mbalimbali, matokeo mbalimbali

Mifano mitatu mingine itatusaidia kuona kwa nini jibu moja halitoshi.

Wa kwanza ni malaria katika wilaya ya Bondo, magharibi mwa Kenya. Katika shule 30, wanafunzi walipewa dawa ya malaria mara moja kila muhula, bila kujali kama walikuwa na homa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba upungufu wa damu ulipungua kwa karibu nusu, na watoto waliweza kukaza fikira kwa muda mrefu zaidi.

Wa pili ni malaria hiyo hiyo, lakini katika Kwale, pwani ya Kenya. Kati ya 2010 na 2012, katika shule 101, nusu ya shule zilipata huduma ya kupimwa wanafunzi wote mara moja kila muhula na kuwatibu waliokutwa na vimelea. Njia hiyo yaonekana kuwa ya busara zaidi, kwa kuwa dawa hutolewa kwa mgonjwa tu. Lakini haikubadili upungufu wa damu wala usikivu wa darasani. Malaria ya Kwale ilikuwa imejikusanya katika shule chache, na watoto waliotibiwa waliambukizwa tena kabla ya muhula uliofuata. Ugonjwa ni mmoja, lakini mazingira na utaratibu vilitofautiana, na matokeo yakatofautiana.

Wa tatu ni miwani. Katika shule za sekondari za Dar es Salaam, wanafunzi wasioona vizuri mbali waligawanywa kwa kura: baadhi walipewa miwani bure, wengine walipewa cheti cha kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakiitumia miwani au wakiwa nayo shuleni katika kundi la bure walikuwa karibu nusu, na katika kundi la cheti karibu robo. Kumbe hata kitu cha bure hakikutumiwa na wengi. Huenda wengine waliona haya, au waliogopa kuchekwa. Chumba cha afya kilicho bora kingekwenda hatua moja zaidi, kikawauliza wanafunzi hao kwa nini.

Somo la Morogoro, mwaka 2008

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni wa mkoa wetu wenyewe. Mwaka 2008 mpango wa serikali wa kutibu kichocho na minyoo katika shule za msingi ulifika mkoa wa Morogoro. Dawa zilikuwa salama na zinazojulikana: prazikwanteli kwa kichocho na albendazoli kwa minyoo. Waliozigawa walikuwa walimu waliopewa mafunzo mafupi. Baadhi ya watoto, hasa waliomeza dawa wakiwa na njaa, walipata kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu. Tetesi zikaenea kwamba vidonge ni vibovu, kwamba ni sumu, kwamba vinaondoa uzazi. Wazazi walikimbilia shuleni kwa hasira, ghasia zikazuka, na ugawaji ukasimamishwa.

Ni rahisi kusema kwamba wazazi hao walikuwa wajinga. Kusema hivyo ni kutofikiri. Mzazi alimwona mtoto wake mzima asubuhi, na mchana akamkuta anatapika. Hakuwa ameelezwa ugonjwa wenyewe, wala kwa nini mtoto asiyelalamika apewe dawa, wala kwa nini hakupimwa kwanza. Aliona mwalimu anamsimamisha mtoto kando ya kijiti chenye mistari na kumhesabia vidonge kwa urefu wake, ilhali hospitali amezoea kuona mizani. Kwa kweli kijiti kile kina sababu ya kisayansi. Kipimo cha prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mizani ni ghali na huharibika, lakini urefu na uzito wa watoto huenda pamoja kwa kiasi cha kutosha, na dawa hiyo haina madhara makubwa kipimo kikizidi au kupungua kidogo. Ndiyo maana mtoto wa sentimeta 125 hadi 137 hupewa vidonge viwili vya miligramu 600, na wa sentimeta 150 hadi 159 hupewa vitatu. Elimu hiyo ingeweza kutolewa kwa dakika kumi katika mkutano wa wazazi.

Tukio hilo linatufundisha mambo mawili. Kwanza, chakula ni sehemu ya tiba: shule isiyo na uji au chakula cha mchana isigawe dawa hiyo kwa watoto wenye njaa. Pili, imani ya wazazi haiwezi kuagizwa kwa sanduku pamoja na vidonge. Shule yenye muuguzi anayefahamika, ambaye jana alifunga kidonda cha mtoto na juzi alimtembelea mama yake, itasikilizwa siku ya dawa. Shule inayowakumbuka wazazi siku ya dawa peke yake haitasikilizwa. Kwa sababu hiyo huduma ya kila siku, hata iwe ndogo, ina thamani ambayo kampeni ya siku moja haina.

Shule yetu ifanye nini?

Ndugu mwalimu, si kila shule itakayopata zahanati. Lakini kila shule yaweza kuanza na mambo yafuatayo.

(a) Kuandika sababu. Kando ya alama ya kutohudhuria, andika herufi moja: U kwa ugonjwa, S kwa shamba, M kwa mchango au sare, H kwa hedhi ikiwa msichana amemweleza kwa hiari mwalimu wa kike, na K kwa sababu isiyojulikana. Habari hizi ni siri ya mwanafunzi; zisisomwe mbele ya darasa.

(b) Kukokotoa kila mwezi. Tuseme darasa lina wanafunzi 45 na mwezi una siku 20 za masomo. Mahudhurio kamili ni 900. Waliokosa ni mara 117, yaani asilimia 13. Kati ya hizo, U ni 54. Hata kama ugonjwa wote ungeondolewa, zingebaki mara 63, yaani asilimia 7. Hesabu hii yatuepusha na ahadi kubwa: chumba cha afya hakiwezi kumrudisha darasani mtoto aliyezuiwa na palizi au mchango.

(c) Kulenga kinachowatoa watoto. Kama U nyingi ni vidonda na homa za nusu siku, sanduku la huduma ya kwanza, kipimo cha malaria kinachosimamiwa na mtumishi wa afya, na ziara ya muuguzi wa zahanati ya kijiji kila wiki vitasaidia. Kama H ni nyingi, maji, choo chenye mlango na taulo za kike vitasaidia kuliko vidonge.

(d) Kuilinda shule kwa kinga. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini kote mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Haitaongeza mahudhurio ya mwezi huu hata kidogo. Itaokoa maisha miaka 30 ijayo. Hapa ndipo tunapokumbuka kwamba afya ya mtoto ina thamani yake yenyewe, hata pale ambapo daftari haliioneshi.

Hitimisho

Tumeona kwamba huduma ya afya shuleni huongeza mahudhurio kwa njia mbili: kwa kufupisha safari ya tiba, na kwa kuondoa maradhi yanayonyonya nguvu polepole. Tumeona pia kwamba hufaulu pale tu inapolenga ugonjwa uliopo hasa, inaporudiwa kabla maambukizo hayajarejea, na inapoaminiwa na wazazi. Anayetaka kujua kama imefaulu shuleni kwake hana budi kulinganisha kwa haki: msimu na msimu wake, shule na shule zilizofanana nayo. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji daftari lililojazwa kwa uaminifu, penseli, na moyo wa kukubali jibu hata lisipopendeza.

Maswali na mazoezi

1. Mwanafunzi ana uzito wa kilo 45. Kokotoa kipimo chake cha prazikwanteli kwa miligramu, na idadi ya vidonge vya miligramu 600. Linganisha jibu lako na kipimo cha kijiti ikiwa urefu wake ni sentimeta 152.

2. Mtoto ana minyoo ya safura 250 ya aina iliyotajwa katika makala. Hupoteza mililita ngapi za damu kwa mwezi wa siku 30?

3. Eleza kwa nini watafiti wa Busia walihesabu watoto wenyewe badala ya kutumia daftari la shule. Ungefanyaje uhakiki kama huo shuleni kwako?

4. Huduma ya malaria ilileta mabadiliko Bondo lakini si Kwale. Taja tofauti mbili za utaratibu au mazingira zinazoweza kueleza jambo hilo.

5. Kwa idhini ya mwalimu wako, chukua daftari la darasa moja la miezi mitatu ya masika na miezi mitatu ya kiangazi. Bila kuandika majina, kokotoa asilimia ya mahudhurio ya kila mwezi na uichore kwa grafu. Andika aya mbili: unaona nini, na ni nini ambacho grafu hiyo peke yake haiwezi kukueleza?

6. Jadilianeni darasani: shule ina fedha za kununulia ama dawa na vifaa vya chumba cha afya, ama chakula cha mchana cha muhula mmoja. Ni habari zipi mngezikusanya kabla ya kuamua?